Mama wa Chaji na Wimbo wa Kujibiwa

Sauti yake ilinifikia kila asubuhi kabla sijafungua macho vizuri. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu ilikaa barazani, na kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele yangu kabisa: mbao chache, bati moja, na juu ya bati paneli ya jua aliyokuwa anaifuta vumbi mara kwa mara kama anavyofutwa mtoto makamasi. Alikuwa anachaji simu za watu. Kolwezi hiyo, yenye bwawa la umeme la Nzilo hapo karibu tu, mtaa wetu uliweza kukaa bila umeme wiki nzima na mtu asishangae. Ndiyo maana wote tulimwita mama wa chaji, wakubwa kwa wadogo, hata padri. Jina lake nalijua. Nitaliacha hapo lilipo.

Nikimkumbuka namwona mchana, ule mchana wa kiangazi ambapo vumbi la malori yanayotoka Fungurume linasimama hewani na kukataa kushuka, na barabara nzima unaiona kama uko ndani ya chandarua. Yeye amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, macho nusu yamefungwa, anaimba polepole. Mguu wangu kwenye cherehani ulikuwa unafuata wimbo wake bila kuniomba ruhusa. Akiimba wa haraka nashona haraka. Akiimba wa huzuni, gauni la mtu linachelewa, na mwenye gauni ananigombeza mimi.

Simu za watu alizitambua kwa vitambaa. Mabaki ya nguo nilizokata nilimpa yeye, naye alikipasua kila kipande: nusu anafunga kwenye simu, nusu anakupa wewe. Jioni unarudi na nusu yako, naye anaitafutia mwenzake. Wachimbaji wa mawe, vijana waliotoka kila pembe ya Kongo kutafuta shaba na kobalti, walishuka mashimoni na vitambaa hivyo vimefungwa mikononi. Niliwahi kushona gauni la bibi-harusi, satini nyeupe, na wiki ile mashimo yote yalijaa vijana wenye satini nyeupe mikononi. Bibi-harusi alipokutana nao barabarani alinuna. Mimi nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Alichokitaka duniani mtaa mzima ulikijua. Alitaka aimbe kwenye televisheni, katika yale mashindano ya kuimba ya kila mwaka, wimbo mmoja, kutoka mwanzo mpaka mwisho, nchi nzima ikisikia. Habari ya kushinda hakuwa nayo. Siku moja nilimuuliza, "Na wakikupa kikombe, mama?" Akaniangalia kwa huruma.

"Kikombe ni mambo yabo," akasema. "Mi nataka niimbe, nimalize."

Mchujo ulikuwa unafanyika Lubumbashi, na kila mwaka alikwenda. Alfajiri anapanda basi, amevaa gauni nililomshonea, amelifunika kwa kikwembe cha zamani lisiingie vumbi. Mashindano yalikataa watu waliozidi umri fulani, kwa hiyo mwaka wa kwanza aliniambia ana miaka thelathini na miwili. Mwaka uliofuata pia. Mimi nikazaa, nikanenepa, nikaanza kuota mvi, yeye yuko palepale, thelathini na miwili.

"Mama," nikamwambia siku moja nikimpima kiuno, "sasa mimi nimekuwa mkubwa wako. Uwe unaniita yaya, dada mkubwa."

"Jambo, yaya," akajibu, uso mkavu kabisa.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hutamwelewa. Yeye alikuwa mwanzishaji wa nyimbo. Kwetu mtu akifa tunakusanyika uani kwa marehemu, mkusanyiko huo tunauita kilio, tunakaa na wafiwa siku na siku, na nyimbo ndizo zinazotushikilia. Mwanzishaji anaita, watu wanajibu. Na wimbo ukishaitwa, unajibiwa. Unaweza kuwa na hasira, na njaa, na mguu unaokuuma. Mtu akiita wimbo mbele yako unajibu kwanza, halafu unaendelea na hasira yako. Kumwacha mtu na wimbo mdomoni ni aibu yako wewe uliyenyamaza. Haya tunayajua tangu tukiwa mgongoni.

Niliona nguvu ya sauti yake katika kilio cha mzee mmoja wa mtaani. Ndugu zake walikuja kutoka Sandoa wakitaka kuuchukua mwili wakauzike kwao. Mke na watoto wakasema mzee atalala hapahapa Kolwezi. Maneno yakawa makali, makali yakawa mikono. Mama wa chaji alikuwa anapepea moto wa sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo. Akaweka upepeo chini, akafumba macho, akaita:

"Nani eko pa mulango?"

Uwanja mzima ukajibu, "Ni siye batu yako, fungula!"

Akaita tena: "Mumefika na jua ao na mvula?"

"Ni siye batu yako, fungula!"

Nawaambia nilichokiona kwa macho yangu: mwanaume amenyanyua kiti ampige shemeji yake, na anajibu wimbo, kiti kikiwa bado juu. Akajibu mara ya pili. Mara ya tatu akakishusha, akakikalia. Mzee tulimzika Kolwezi, na watu wa Sandoa walikaa nasi wakala bukari, ugali wetu, mpaka matanga yakaisha. Ningekuwa mimi ndiye televisheni, ningempa mwanamke yule kikombe siku ileile.

Basi mtu kama huyo unamweka peke yake katika chumba, mbele ya majaji wanne na taa. Mwaka wa kwanza huko Lubumbashi aliita wimbo wake vizuri kabisa. Akanyamaza, akangoja. Majaji wakamtazama. Yeye akawatazama. Mwishowe mmoja akasema kwa upole, "Mama, umesahau maneno?"

"Hapana, tata," akajibu kwa heshima, kama anayemwita baba. "Mi nangojea ninyi mujibu."

Wakamshukuru, wakaita anayefuata.

Hadithi hiyo alinisimulia mwenyewe, bila uchungu, akishangaa tu. Alifikiri siku ile majaji walikuwa wamechoka. Mwaka uliofuata akaenda na wimbo uleule, majaji wengine, wakanyamaza vilevile. Mimi sina subira, na mara ya tatu nilimpandishia sauti, pini zikiwa mdomoni.

"Imba zote mbili! Ita, kisha ujijibu mwenyewe! Kuna ugumu gani?"

"Mi niulize nani eko pa mulango, na mi nijibu ni siye?" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Weye, batanipeleka kwa wazimu!"

"Basi wakuone mwendawazimu, lakini wakupitishe!"

"Yaya, wimbo yenye haina mutu wa kujibu haijakuwa wimbo. Ni kelele."

Alijaribu, nisimsingizie. Wiki nzima kibandani aliita na kujijibu, na kila akijijibu uso wake ulikuwa unaona haya, kama mtu aliyekutwa anazungumza na sufuria. Tena wachimbaji waliokuja kuchukua simu hawakumwacha: akiita tu, wanamwahi kujibu, mazoezi yanaharibika. Mwaka mwingine aliwachukua wawili wao mpaka Lubumbashi wamjibu. Mlinzi wa getini akawarudisha: mtu mmoja, namba moja. Mwaka mwingine tena akajifunza redioni wimbo wa mapenzi wa Kifaransa, wa mtu mmoja, usiohitaji jibu. Jaji alimwambia sauti ni nzuri lakini nyimbo hizo wameshazisikia nyingi. Aliporudi alilala siku mbili, kibanda kimefungwa, na simu za watu zimekufa mikononi mwao. Nilimpelekea uji.

"Nilivaa kiatu ya mutu," aliniambia akiwa amegeukia ukuta. "Sitarudilia."

Na hakurudia. Wimbo wa mlango akaushika mpaka mwisho.

Msimfanye malaika lakini. Mama wa chaji alikuwa na wivu wa kutisha. Ukimsifia mwimbaji mwingine yeyote, hata marehemu, alikunja pua: "Yule? Anaimbia mu pua." Jumapili asubuhi alikuwa mkatoliki safi, kitambaa kichwani, rozari mkononi; saa nane mchana alikuwa kwa walokole, kwa sababu, alisema bila aibu, walokole wana spika kubwa. Mbele ya majaji hakutetemeka, lakini simu ikimlilia yeye mwenyewe alikuwa anairuka kama nyoka, ananiita mimi nivuke barabara nikaipokee. Mwanamke anayelala na simu za mtaa mzima! Na bukari yake ilikuwa mbaya. Mungu anisamehe, ilikuwa na mabonge.

Watu walimtania. Tata mmoja mwenye baa ya kona, mtu wa maneno mengi, alimpigia methali siku moja mbele za watu, basi la Lubumbashi linangoja: "Mama, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Yeye akashusha mguu aliokuwa ameuweka basini.

"Na mukuba?" akamuuliza, yaani shaba yetu. "Mukuba iko chini ya udongo, ni kitu kizuri, si ndiyo? Ilijiuzisha siku gani? Si munaamukaka kila asubui kuichimba?"

Basi zima likashangilia. Tata mwenyewe akacheka, akampa soda ya njiani. Tangu siku ile alimheshimu, ingawa hakuacha kumtania, maana mtu huwezi kuacha kila kitu.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni ndoto zake. Mchana, jua likiwa kali, alikuwa analala kidogo ameegemea mbao, na akiamka alivuka barabara kuja kunisimulia, macho bado mazito, sauti ya chini. Ndoto ilikuwa moja siku zote. Parokia iliwahi kutupeleka Nzilo kutembea, akaona yale maji mapana yaliyotulia nyuma ya ukuta, na tangu hapo usingizi wake ulihamia huko. Aliota majaji wamekaa juu ya maji, kwenye viti, wala viti havizami. Taa zinatoka chini, majini. Yeye amesimama ukingoni, gauni lake halina mshono hata mmoja. Hapo nilimkatiza kila mara: "Gauni lisilo na mshono nimeshona mimi?" Ananinyamazisha kwa mkono. Anaita wimbo. Maji yanaanza kusogea, polepole, yanatoka mbali, kutoka huko Mto Lualaba unakoanzia, yanamjia.

"Kisha?"

"Kisha mutu anakuya na simu yake, ananiamusha."

Nilicheka, lakini nilikuwa nabaki nimeshika kitambaa, nimesahau nilikuwa nakata wapi. Mpaka leo nikipita karibu na maji yaliyotulia naangalia kama kuna viti.

Baadaye mume wangu alipata kazi Fungurume, tukahama. Nilimwachia gunia la mabaki ya vitambaa. Kila mwaka alinitumia vipimo vyake kupitia dereva wa lori, vipimo vilevile ingawa mwili ulikuwa umebadilika, na mimi nilikuwa naongeza kimyakimya pembeni. Kolwezi nilikuwa naisikia tu kwa watu.

Halafu mwaka mmoja mashindano yenyewe yakaenda Kolwezi. Majaji, taa, kamera, vyote. Baada ya wiki kadhaa simu yangu ikalia, na alikuwa yeye. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kwenye simu. Nikajua kuna jambo.

"Balinirekodi!" alipiga kelele, kama simu haifiki mpaka Fungurume bila kelele. "Nitatoka mu televisheni! Siku ya Mungu, saa tisa. Ukuye!"

"Umepita?"

"Mambo ya kupita sijui. Mwenye kamera aliniambia: mama, weye utaonekana, bila shaka utaonekana. Alikuwa anacheka, yee na benzake, balifurahi sana."

Ningepaswa kuliona jambo hapo. Sikuliona. Nilikuwa namuwazia gauni, la kijani, nililomtumia, kama mabega yalikaa sawa.

Jumapili nilipanda gari, saa nane nikawa mtaani. Alikuwa ameialika barabara nzima kwenye baa ya yule tata wa methali, maana yeye ndiye alikuwa na televisheni kubwa na jenereta. Wamama wa kilio walikuwepo wote. Wachimbaji walikuwepo, wengine wametoka shimoni moja kwa moja, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Mama wa chaji alikaa mbele, gauni la kijani, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mabega yalikaa sawa. Aliniwekea kiti kando yake, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi ingawa jua liliwaka.

Kipindi kikaanza. Waliimba vijana wazuri, nakiri. Msichana mmoja aliimba mpaka tata akasahau kufungua chupa. Mama wa chaji akaninong'oneza, "Mu pua," nikamfinya. Kisha muziki wa kipindi ukabadilika, ukawa ule wa kuchekesha, wa tarumbeta, na wakaanza kuonyesha walioshindwa. Mmoja aliteleza jukwaani. Mmoja sauti ilimkatika, wakampachikia mlio wa mbuzi. Baa ikacheka, na mimi nikacheka, halafu nikaacha. Nilielewa. Nikamtazama pembeni: yeye alikuwa bado anatabasamu, anangoja zamu yake.

Akatokea. Gauni la kijani, taa usoni, mzuri kabisa, na baa nzima ikapiga vigelegele. Akafumba macho.

"Nani eko pa mulango?"

Sauti ikajaza baa. Spika ya tata haikuwa ndogo. Kisha kwenye televisheni akanyamaza, akafumbua macho, akawa anangoja, uso umejaa matumaini. Kamera ikawageukia majaji. Mmoja anakuna kidevu. Mmoja anatazama saa. Wakapachika mlio wa jogoo, wakarudi kwake, bado anangoja, wakarudia kumwonyesha hivyo taratibu, kope zikifumba na kufumbua, na kwa mbali watu wa huko studioni wanacheka.

Mkono wake ukatoka mkononi mwangu. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyoichukia ile mashine. Nilikuwa nimeshainuka nimwambie tata azime, azime mara moja, nivunje hata chupa ikibidi.

Nyuma yangu mtu akajibu.

"Ni siye batu yako, fungula."

Alikuwa mmoja wa wale wachimbaji, kijana mwembamba aliyesimama mlangoni. Nilimgeukia. Hakuwa anamtetea mtu, wala hakuonekana kuwa na hasira. Wimbo ulikuwa umeitwa, akajibu. Basi. Na mara wamama wote wakajibu, na wachimbaji, na tata mwenyewe nyuma ya kaunta, na mimi ambaye siimbi kwa sababu nina sauti ya bawaba: "Ni siye batu yako, fungula!" Bati la baa likatetemeka. Kwenye televisheni walishamsahau, alikuwa amesimama kijana mwingine wa mji mwingine. Tata akanyoosha mkono akaondoa sauti yote, kijana akabaki anapanua mdomo tu.

Sasa ilikuwa zamu yake, ubeti wa pili. Mama wa chaji alisimama, akatugeukia. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Akafumba, akafungua tena. Nilimwona akiyatafuta maneno kila mahali, juu, chini, kwenye nyuso zetu. Wimbo aliouita kwenye vilio vyote vya Kolwezi ulikuwa umemtoka kabisa kichwani.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemnong'oneza, ingawa kila mtu pale aliyajua maneno. Tulikaa kimya, na jenereta ikinguruma nje, na vumbi likielea kwenye mwanga wa mlangoni, tukamngoja. Sijui tulingoja kiasi gani. Mtu angeingia wakati ule angedhani tumelala macho wazi.

Kisha akavuta pumzi.

"Mumefika na jua ao na mvula?"

Tukamjibu. Akaita tena, tukamjibu tena, beti zote, na zile anazoziacha kwenye vilio kwa sababu ni ndefu, mpaka ule wa mwisho kabisa ambao mimi sikuwahi kuusikia. Alipomaliza alikaa, akapanga gauni magotini, akaomba maji. Kwenye televisheni ilikuwa inapita habari ya mpira. Mpaka leo sijui ni nani aliyeshinda mwaka ule.